Mbwa wa Karani na Kivuli cha Asubuhi

Kabla hata jua halijafika utosini, Shamimu alikuwa ameinuka kwenye kigoda chake na kukaa tena mara nane.

"Una nini leo, dada?" aliuliza Matonya, mteja wa kutoka Kibakwe, akipekua mfuko wa ndani wa koti la sufu. "Kigoda kina miiba?"

"Kigoda hakina neno. Chukua koti uende. Kwa joto hili, Dodoma nzima mwenye haja ya koti ni wewe peke yako."

"Ndiyo maana utanipunguzia."

Siku nyingine Shamimu angemcheka, akamvuta mpaka alasiri. Alikuja mjini kutoka Busi na kapu moja la vitunguu, na mitumba ilipopata ruksa ya kuuzwa aliwahi meza sokoni kabla wenzake hawajaamini kwamba hawatafukuzwa. Hakuna aliyewahi kumtoa kwenye bei yake. Lakini leo macho yalikuwa kwenye koti, moyo ulikuwa nyumbani, kwa mbwa.

Mbwa hakuwa wake. Alikuwa wa Wambura, karani wa Bunge, jitu la manyoya mengi lililonunuliwa kwa mzungu aliyekuwa akifunga virago. Kila Wambura aliposafiri kwenda Dar es Salaam, Shamimu alimtunza mbwa kwake, na kwa malipo alichota maji kwenye bomba la uani kwa karani mwaka mzima. Novemba hii, wenzake walipokuwa wakipanga ndoo foleni tangu alfajiri, bomba lile ndilo lililomwezesha kuwahi sokoni. Mbwa akifa, bomba limekufa.

Na asubuhi mbwa alikuwa ametafuna kiatu cha mtumba, cha kushoto. Kwa hasira Shamimu akamfunga kamba kwenye kigingi nyuma ya nyumba, kama walivyofunga mbuzi kwao Busi. Kulikuwa na kivuli kizuri cha ukuta.

Kivuli cha asubuhi. Ukuta ule ulitazama magharibi. Sasa jua lilikuwa linaupanda, na mbwa hana pembe wala akili ya mbuzi.

"Haya, bei yako ya kwanza," alisema ghafla.

Matonya akashtuka. "Ile ya utani?"

"Hiyohiyo. Shika koti, bwana, kabla sijapata akili."

Matonya akalipa, akaligeuza koti, akaanza kutafuta tundu la panya. Shamimu hakumngoja alione. Alimwomba jirani wa meza ya pili amwangalizie mzigo, akaondoka mbio, kanga ikimponyoka mabegani.

Alimkuta mbwa amelala ubavu, kamba imezunguka kigingi mpaka ikaisha. Ulimi ulikuwa umetoka na kuwa mwekundu kama nyama ya buchani, mbavu zikipanda na kushuka kama mivukuto ya mhunzi. Karai lake la maji lilikuwa limepinduka.

Evarista, mpangaji mwenzake, alitoka na ndoo. "Usimwagie kichwani tu! Tumboni na miguuni! Na usimlazimishe kunywa, atapaliwa."

Wakamkokota mpaka kwenye varanda. Shamimu akamlowesha, akampepea kwa kanga, kisha akamsogezea bakuli lake mwenyewe la kulia chakula.

"Shamimu! Si unasema chombo akilambacho mbwa kinaoshwa mara saba?"

"Nitakiosha mara saba, na udongo juu. Nguo nitazifua. Mbwa aliyekufa hata nikimwosha mara sabini hainuki."

Mbwa alilamba kidogo, akapumzika, akalamba tena. Shamimu akataka kusimama, dunia ikamzunguka. Evarista akamkalisha kwa nguvu.

"Tangu asubuhi umekunywa nini?"

"Chai."

"Na wewe unakufa, basi. Wanyama wawili hawa nitawapepea vipi peke yangu?" Akamkorogea maji yenye sukari na chumvi kidogo, akasimama juu yake mpaka kikombe kikawa kitupu. Shamimu hakubishana. Sokoni choo kilikuwa mbali, na asiyekunywa maji haachi meza. Hesabu hiyo ilikuwa imemfaa miaka mitatu, leo imegoma.

Ijumaa Wambura alirudi. Mbwa alimrukia mzima wa afya. Shamimu angeweza kunyamaza.

"Nusura nimuue mbwa wako," alisema. "Nilimfunga juani. Nikiendelea naye, nataka turubai lile linalooza uani kwako. Nalitundika nyuma ya nyumba, nami saa sita nafunga meza hadi saa tisa, nakaa naye chini yake."

"Dada Shamimu! Umetaka kuniulia mbwa, halafu unadai turubai?"

"Nisingekuambia ungejua? Tafuta basi mtunzaji mwingine atakayekuambia ukweli."

Wambura alimtazama mbwa, akatazama jua, akaenda uani kufungua kamba za turubai huku akinung'unika. Shamimu aliwahi kushika ncha ya pili, asije mwenye mali akabadili mawazo.