Samadi Kwenye Taya la Tumpe

Nakumbuka vizuri, mwanangu, ingawa ningependa kusahau: mimi ndiye niliyemfanya mdogo wangu Tumpe apake samadi kwenye mshono wa taya. Najua nina miaka kumi na sita na jina langu halikosekani kwenye orodha ya wapiga kelele darasani, lakini siku hizi kila kitu ruksa, hata mimi kutoa nasaha.

Tumpe alikuwa na miaka saba. Uvimbe ulikuwa umemla taya la kushoto, madaktari wa Mbeya wakakata kipande cha mfupa. Walimweleza mama kwamba utando unaoufunika mfupa wameuacha, na kwa mtoto utando huo huweza kujenga mfupa mpya wenyewe, mradi kidonda kikae kisafi. Tuliporudi nyumbani Kyimo, Tumpe akanifuata migombani, kashika shavu, akauliza mfupa unaotaje. Swali zuri, kampelekea mjinga.

"Kama mgomba," nikamwambia. "Ukikatwa, chipukizi linatoka. Ila bila samadi utabaki na mdomo wa bibi."

Nikacheka, nikaendelea na jembe. Yeye hakucheka. Alikwenda zizini, akafungua bandeji.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mimi usaha wenyewe niliuona. Siku ya tatu shavu limeiva, mwili unachemka, mama kambeba mgongoni kumrudisha hospitali. Daktari alisafisha kidonda, kisha akasema utando ukioza, hakuna cha kuota tena. Mama akamwuliza Tumpe nani alimfundisha. Mtoto akasema kajifundisha mwenyewe.

Fimbo nimezizoea, mwanangu. Ule uongo wa kunikinga ndio ulionishinda. Nikasema ni mimi.

Mama hakunipiga. Alinikabidhi kijiko: kila siku, kabla na baada ya shule, nimpondee Tumpe ndizi ziwe laini, nimlishe. Miezi mingi. Sikufanya mzaha hata mmoja. Haya, miwili.

Juzi picha ya eksirei imeonyesha mfupa mpya umeziba pengo. Daktari akambonyeza Tumpe taya, likagoma kubonyea. Nikalia mbele za watu, mkubwa mzima. Mama akanishika sikio, taratibu, akasema:

"Ndaga, asante, mwanangu, kwa kusema kweli siku ile. Mzaha usiuache, maana Tumpe hali chakula mpaka acheke. Ila mtoto akikuuliza na hofu machoni, mjibu kwanza, umchekeshe baadaye. Haya, Kyala, Mungu wetu, akutunze, akutunzie na huo mdomo."