Aliyenifundisha Kufua Chuma

Siku ile bomani Arusha naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu. Na kwa kuwa umeniambia unajaza fomu ya mtihani wa ufundi, nitakusimulia ilivyokuwa.

Ilikuwa enzi za Wajerumani. Ilitangazwa kwamba karakana ya boma itawatahini vijana, na atakayefaulu atapewa cheti cha fundi msaidizi wa madaraja. Kufua chuma nilikujua tangu utotoni, maana baba yangu alikuwa mhunzi. Tulishuka pamoja kutoka upande unaoitwa sasa Sakina, yeye amebeba nyundo yake ili niitumie mtihanini.

Lazima ujue jambo moja. Kwetu watu walihitaji mikuki ya mhunzi, lakini mwenyewe walimwona mtu wa mkosi. Aliyepokea chuma kutoka mkononi mwake alipaka mafuta kiganjani kwanza, ili mkosi usimshike. Nimekua nikiyaona hayo, na sikuyazoea.

Baba alisubiri mlangoni. Mimi nikapanga foleni na vijana wa misheni, ambao hawakujua kwetu. Karani, mtu wa pwani mwenye maneno mengi, akaniuliza kazi ya baba yangu.

“Mkulima, bwana.”

“Na chuma umejifunzia wapi?”

“Misheni.”

“Misheni?” Akacheka. “Siku hizi wanafua chuma kwa zaburi? Haya, mlete aliyekufundisha aje akushuhudie. Bila shahidi, jina lako haliendi kwa Bwana Mkubwa.”

Baba alikuwa hatua kumi nyuma yangu. Ningegeuka tu nimwite. Wenzangu walikuwa wananitazama.

“Amefariki,” nikasema.

“Pole. Basi rudi mwakani na shahidi mwingine. Anayefuata!”

Nilipotoka, baba hakunigombeza. Alininyooshea nyundo, kisha akairudisha kidogo.

“Paka mafuta kwanza,” akasema. “Wenzako wanaangalia.”

Nikaipokea hivyo hivyo, bila mafuta, nimeinamisha kichwa. Tulipanda mlima kurudi nyumbani. Nilikusudia kumwomba radhi. Nikangoja siku nzuri, na masika ilipoingia kifua kikambana, akafa. Sikuwahi kumwambia.

Mwaka uliofuata nilirudi na nyundo ile. Karani akauliza tena aliyenifundisha yuko wapi. Nikasema amefariki, na safari hii ilikuwa kweli.

“Alikuwa baba yangu,” nikaongeza. “Mhunzi. Mwaka jana alikuwa amesimama pale mlangoni, nami nikamkana.”

Karani aliishika nyundo, akatazama mpini ulivyolika kwa vidole vya baba, akasema shahidi huyo anatosha, akaandika jina langu bila mzaha wowote. Mtihani nilifaulu. Cheti kilipotea wakati wa vita. Nyundo ninayo hadi leo.

Sasa nakuomba hivi, mwanangu. Fomu yako itakuuliza umetoka wapi na nani amekufundisha. Andika kweli, hata kama wenzako watacheka, na kama mtu huyo yu hai, mwite asimame karibu nawe. Ukiwa umemkosea, usingoje siku nzuri. Mwendee leo.

Nenda kafanye mtihani wako. Mungu akupe mkono usiotetemeka, na aliyekufundisha aishi hadi akuone umefaulu.