Kopo la Kahawa Kati ya Jinzi

Kopo lilipodondoka kwenye mashine nililishika, kisha nikaliachia. Lilikuwa la moto! Nilizoea kwamba mashine za vinywaji hutoa vitu vya baridi. Hii ya stesheni ya treni ya Xintang, mji wa China unaoshona jinzi, kwa ajili ya baridi ya Februari, ilikuwa inauza kahawa ya moto. Nikaliokota, nikacheka peke yangu. Sisi wa Moshi kahawa tunailima, tunaichuma, tunaianika, halafu tunakunywa chai.

Sikujinunulia. Nilimnunulia dada mmoja wa Mombasa, mfanyabiashara mwenzangu, aliyenishika mkono safari yangu hiyo ya kwanza Guangzhou na kunifundisha kukataa bei bila kugombana. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Jana yake magharibi ilitukuta ndani ya teksi, akafuturu kwa tende na maji ya chupa baridi kama barafu, akatetemeka mpaka hotelini Xiaobei. Iliniuma kweli. Nikaazimia kwamba leo atafuturu kitu cha moto, adhana itukute popote.

Sasa, na kiherehere changu, nikakinunua saa tisa alasiri! Nikaficha kopo ndani ya koti, juu ya tumbo, tukaenda kwenye karakana ya jinzi kukagua mzigo wetu.

"Mbona wajishika tumbo?" akaniuliza. "Waumwa?"

"Hapana dada, baridi tu."

Kufika saa kumi na moja, tumbo langu ndilo lililokuwa linapasha kopo. Pembeni, mzee mmoja alikuwa anapiga pasi ya mvuke jinzi zetu na kuzipanga moja juu ya nyingine. Nikagusa lile rundo, lilikuwa na joto zuri. Nikachomeka kopo katikati, nikaweka kidole mdomoni pangu kumwashiria mzee anyamaze. Akacheka, akaongeza jinzi nyingine juu, imetoka kwenye pasi sasa hivi.

Laoban, mwenye karakana, akapitisha biskuti na machungwa. Dada akakataa kwa adabu. Nami nikasema nimeshiba. Uongo mtupu. Sikuwa nimekula tangu asubuhi, maana kutafuna mbele ya mtu aliyefunga naona aibu.

Tukaendelea kukagua zipu hadi giza likaanza kuingia. Mara nikaona vijana wanatia jinzi kwenye viroba, na rundo langu limeshanyanyuliwa.

"Hilo bado!" nikapiga kelele kwa Kiswahili, nikaruka, nikazamisha mkono mpaka kiwiko. Karakana nzima ikageuka kunitazama. Nilipolichomoa kopo, simu ya dada ikaadhini.

Akalitazama kopo, akanitazama mimi. Akatoa tende mkobani, akasema bismillahi, akala, akanywa kahawa taratibu huku amefumba macho. Kisha akaninyooshea kopo pamoja na tende moja.

"Futuru nawe. Wadhani sikuona kuwa leo hukutia kitu kinywani?"

"Dada, mimi Mlutheri."

"Na hiyo njaa nayo ni ya Kilutheri?"

Nikala tende. Kahawa aliyonibakishia ilikuwa bado ya moto.