Namba ngeni kwenye grupu la hesabu

Leo nusura nimtoe mtu kwenye grupu, na roho bado inaniuma.

Juzi tu ndiyo nimejifunza kufungua grupu la darasa kwenye simu. Mimi ni mtu wa chaki, msinicheke.

Nikatuma swali la hesabu.



Kisha namba nisiyoijua ikajibu. Sahihi kabisa!

Nikaandika: "Wewe nani? Hapa ni wanafunzi tu."

Ikaja sauti, ng'ombe wanalia nyuma: "Shikamoo mwalimu, ni Kabula. Simu ni ya kaka. Usinitoe."

Jamani.

Kabula aliacha shule baba yake alipohamia Mwandoya na mifugo. Linki kaipata wapi, sijui. Nikiita majina bado nasita pale lilipokuwa lake.

Nyie mngemjibu nini? Mimi nilituma swali la pili.

Darasa zima limeshajibu. Naisubiri simu ya kaka.