Grisi Ikichungulia

Fundi wa mashine za kusaga pale Kanyakine haanzi na spana, huanza na kitambaa. Hufuta kitundu cha kutilia grisi, hupuliza, hufuta tena, maana punje moja ya vumbi ikiingia, itaitafuna beringi, ile pete ya gololi inayobeba shafti, mpaka ife. Kisha hubonyeza bomba la grisi kidogo kidogo huku mkono wa kushoto ukizungusha shafti, midomo ikisogea kama ya mtu anayesali. Cicily, aliyekaa juu ya gunia lake la mahindi na mtoto wake Mwenda mapajani, alimtazama fundi, unga ukielea kwenye mwanga wa dirisha mpaka akahisi yuko ndotoni. Tangu aambiwe kliniki kwamba Mwenda haongezi uzito, alikuwa akimshindilia uji, na Mwenda akiutapika wote.

"Jaza, fundi," akasema Mbaabu, mwenye mashine. "Ama hiyo grisi ni ya mama yako?"

"Nikijaza, mzee, mpira wa kuzibia utapasuka na vumbi liingie. Wewe ukimaliza githeri sufuria nzima, utatembea?"

Akaendelea kuzungusha. Kwenye ukingo wa mpira grisi ikachungulia, uzi mwembamba wa rangi ya asali. Hapo akaacha. Akaweka mgongo wa mkono juu ya chuma, kama anayepima homa ya mtoto, akafumba macho.

"Umeshiba," akaiambia beringi.

Cicily akafungua mkebe wa uji. Kijiko kimoja, akangoja. Cha pili, akangoja. Cha tano, uji ukachungulia pembeni mwa mdomo. Akaufuta kwa kidole, akafunika mkebe. Mashine ikaanza kunguruma kwa sauti moja laini, Mwenda akalala, na uji ukabaki tumboni.