Siku Tano za Mlima, Siku Tatu za Simba

Mke wangu alifundisha Jiografia miaka thelathini hapa Tabora, na kila mwaka aliuchora mlima uleule ubaoni, kilele akikipaka kwa chaki nyeupe iliyolazwa ubavu. Aliwaeleza watoto wa watu urefu wake, misitu yake, na jinsi hewa inavyopungua kadiri mtu anavyopanda. Kisha alifuta ubao, akarudi nyumbani kuchambua mchele. Mlima wenyewe hakuwahi kuuona. Ni mtu wa Igunga, na kwao ukisimama juu ya kichuguu unaona ng'ombe wa kata ya pili. Alipostaafu, watoto wetu walimuuliza anataka zawadi gani, akajibu bila kufikiri: kufika juu.

Watoto wakatoa safari ya watu wawili. Mimi niliingia kwa sababu nilikuwa mumewe. Sifa nyingine sikuwa nayo.

Wakala wa Arusha alituletea karatasi zenye picha. Ukurasa wa kwanza mzungu analia kwa furaha kileleni, ukurasa wa pili mzungu yuleyule anakunywa juisi huku twiga akimchungulia. Safari nzima ilikuwa siku nane, mlima na mbuga kwa pamoja, nasi tulitakiwa kuchagua zigawanywe vipi: saba za mlima na moja ya wanyama, au tano za mlima na tatu za wanyama.

"Saba, Mzee," mke wangu alisema. "Mwili unahitaji muda wa kuizoea hewa ile." Akageuza karatasi, akanichorea mlima nyuma yake na kunieleza taratibu, kama mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekosa vipindi.

Nami nikasimama sebuleni kumhutubia. Nikamkumbusha kwamba sisi ni Wanyamwezi. Nikamkumbusha babu wa baba yangu, aliyekwenda pwani mara tatu na pembe ya ndovu begani, enzi ambazo kijana wa kwetu hakuhesabiwa mwanamume mpaka afike baharini na kurudi. Watu wa damu hiyo wataomba siku saba za kupanda kilima? Nilisema hayo mimi, niliyemaliza utumishi wangu wote kwenye kiti cha stesheni nikikata tiketi na kutangaza treni. Mimi, ambaye nikitumwa sokoni natafuta bodaboda.

"Bagamoyo iko usawa wa bahari," mke wangu alisema. "Babu yako alikuwa anateremka."

Nikacheka. Ukweli ni kwamba nilitaka simba. Nilitaka picha yangu ndani ya gari lililofunguliwa paa, nimevaa kofia pana. Nilitaka na tembo, wale wale ambao ndugu zangu wa Sikonge huwafukuza mashambani kwa kugonga madebe. Kwa hiyo nikachukua kalamu, nikaandika "tano na tatu" kwa mwandiko wangu wa ukarani, mzuri kupita kiasi, nikatuma. Mke wangu akaenda kuchambua mchele. Mimi nikahesabu kwamba nimemshawishi.

Miezi mitatu iliyofuata alijiandaa. Kila asubuhi alibeba kilo tano za mchele mgongoni, akatembea njia ya zamani ya misafara kuelekea Kwihara na kurudi. Majirani walidhani anauza. Mimi nilijiandaa kwa kununua kofia.

Mlimani, wapagazi walinipa shikamoo, wakachukua begi langu. Niliwapa historia ya babu yangu na pembe yake, nao waliitikia kwa adabu huku wakinipita na begi hilo kichwani. Siku ya pili niliamua kuwaonyesha. Nikawapita Wajerumani wawili na mama mmoja Mkorea mwenye fimbo. Kiongozi wetu, mtu mpole mwenye sauti ya padri, aliniambia, "Pole pole, mzee wangu, mlima hauna haraka." Nikamwambia aangalie wageni wake, mimi ni mwenyeji. Mke wangu alikuwa nyuma, hatua ndogo ndogo, pumzi moja kwa hatua moja, anaangalia mimea na kuitaja majina.

Siku ya tatu mchana kichwa kilianza kupasuka. Tulipofika kibanda cha mwisho nilikuwa natapika chai ambayo sikumbuki kuinywa, na nilimuuliza kiongozi kama treni ya Kigoma imeshapita. Akaniwekea kidoleni kidude cha kupima hewa mwilini, akatikisa kichwa.

"Mzee unashuka sasa hivi. Mama yuko vizuri sana. Ataendelea na mwenzangu, kesho asubuhi yuko kileleni."

Kilele kilikuwa pale juu yetu, mke wangu anakitazama kupitia mlangoni. Umri wake wote ulikuwa umebakiza mwinuko mmoja. Nami nikamshika mkono wa koti, nikamwambia, "Mwalimu, usiniache, nakufa."

Sikuwa nakufa. Kiongozi alimwambia hivyo, na mimi nilimsikia akimwambia. Lakini niliogopa, na sikuuachia ule mkono wa koti. Kisha akaanza kufunga begi lake.

Walinilaza kwenye machela yenye gurudumu moja, wapagazi sita wakanishika huku na huku, wakanikimbiza chini. Kitukuu wa mpagazi akawa mzigo. Kofia yangu waliniwekea tumboni isipotee. Na sasa niseme la aibu zaidi: baada ya saa tatu za kuteremka, kichwa kikatulia. Tulipofika kibanda cha chini nilikuwa buheri wa afya, nikaulizia supu. Mke wangu alinipa bakuli lake, akatoka nje.

Siku tatu za wanyama zilikuja kama nilivyozichagua. Simba alilala mbali, mgongo kwetu. Asubuhi ya mwisho mawingu yalifunguka, mlima ukajitokeza mzima, mweupe juu kama alivyouchora miaka yote. Dereva akasimamisha gari tupige picha. Mke wangu hakupiga. Aliutazama mpaka gari lilipoondoka, na mimi nilijishughulisha na twiga.

Ningeishia hapo ningekuwa mjinga tu. Lakini tuliporudi, baba yangu mdogo, mkulima wa tumbaku kule Goweko, alituuliza mbele ya ukoo wote, "Haya, mlifika?"

"Tulikaribia," nikasema. "Mwalimu alizidiwa, ikabidi tushuke."

Wakampa pole. Shangazi zangu wakamsifu kwa kujaribu, wakamwambia milima si mambo ya mama mtu mzima. Akaitikia, "Ahsanteni, nimeshapoa," akaendelea kumenya viazi. Nilingoja anisute njiani, hakunisuta. Nilingoja na nyumbani, akanipakulia chakula. Nikasimulia hivyo hivyo kanisani, na kwa wastaafu wenzangu wa reli, mpaka mimi mwenyewe nikaanza kumuonea huruma kwa kuzidiwa kwake.

Mwezi uliopita baba mdogo alikuja mjini kupimwa macho, akafikia kwetu. Tulikuwa tunakunywa chai ya saa nne mke wangu alipoleta karatasi mezani. Fomu ya mlima, mpya. Siku nane, zote za mlima, mtu mmoja. Alikuwa ameweka akiba yake kimya kimya.

"Nijazie, Mzee," alisema. "Mwandiko wako ni mzuri."

Nikajaza jina, umri, ukubwa wa viatu. Nikafika penye swali: umewahi kupanda mlima huu, na kama hukufika kileleni, eleza sababu. Nikainua kalamu. Baba mdogo alikuwa anapuliza chai yake.

"Andika," mke wangu akasema, sauti ile ya imla. "Mume wangu alichagua siku tano. Aliugua yeye. Mimi nilikuwa mzima, nikashuka kwa sababu aliniomba."

Niliandika. Herufi zilitoka nzuri, zimelala upande mmoja, kama za tiketi.

"Sasa soma, tuone kama hukukosea."

Nikasoma, haraka haraka, kwa sauti ya chini.

Baba mdogo akaweka kikombe mezani, akaniegemezea sikio. "Rudia, mwanangu," akasema. "Macho yamekwisha, na masikio nayo siku hizi yanasumbua."

Nikarudia, kwa sauti ileile niliyokuwa nikitangazia treni zilizochelewa.