Siku Nilipokijaza Kimya cha Komarock

Afadhali niseme aibu yenyewe mapema: mimi Shiko, mpiga kinanda wa kanisa dogo la mtaa wa Kayole, ndiye niliyewavunjia sala watu wa kanisa zima wakiwa wamefumba macho, na sikuivunja kwa kikohozi wala kwa simu, niliivunja kwa mdundo wa kucheza.

Kinanda nilijifundisha mwenyewe kwa video za simu, nikiwa nimevaa vipokea sauti ili majirani wa ploti ninapopanga chumba wasinigongee ukuta. Sasa mtu aliyejifundisha mwenyewe huwa na ugonjwa mmoja (au labda ni mimi tu): anaamini kwamba siku moja atatokea mtu aliyesoma muziki darasani, amnyooshee kidole mbele ya watu na kusema, "Huyu anabahatisha." Kwa hiyo huwa sipumziki. Pasta akiomba, napiga chini chini. Pasta akinywa maji, napiga chini chini. Kanisani kwetu kukiwa kimya watu hawadhani Roho ameshuka, wanadhani stima imepotea na kinanda kimezima.

Basi mwenye kiwanja lilipokuwa kanisa letu la mabati akaamua kujenga fleti, tukaambiwa tuhame, na hatukuwa na pa kwenda. Ndipo wazee wa kanisa moja la mtaa jirani wa Komarock wakatuonea huruma. Wale wana ukumbi wa mawe ambao mchana wa Jumapili hukaa mtupu, wakasema njooni kwanza tuabudu pamoja mara moja, tuonane tulivyo, halafu tutaamua kama mtautumia. Shida ni kwamba wao huimba kwa mdomo tu. Hawana kinanda, hawana ngoma, hawana hata kayamba. Na Neno likishasomwa wanakaa kimya kabisa, kila mtu na Mungu wake, mpaka kiongozi asimame.

Walituruhusu kuja na kinanda kwa ajili ya nyimbo zetu. Lakini kabla ya ibada Mama Nafula, ambaye huanzisha nyimbo zao na ndiye mkuu wa wazee wao (ana sauti isiyohitaji maiki), alinijia akanishika mkono.

"Msichana wangu, ile saa ya kimya, usiguse hiyo kitu."

"Sawa, Mama."

"Hata kidogo."

"Hata kidogo, Mama."

Pasta wetu naye akainama sikioni mwangu. "Shiko, tukiharibu leo, Jumapili ijayo tunaabudu kwa mvua."

Nyimbo zetu zilienda vizuri, somo likasomwa, kisha kimya kikaja. Jamani, kile kimya! Nilisikia mtoto akinyonya kidole. Nilisikia tumbo la Pasta. Nikatupa jicho upande wetu nikaona Mama Kamau, kiongozi wa akina mama wetu, anageuza shingo akitafuta ni nini kimeharibika, halafu akanitazama mimi. Mimi! Nikajiona nimekaa mbele ya kinanda kama mtu aliyesahau wimbo, nikawaza, nikipiga noti tatu laini, chini sana, zisizosikika na mtu ila malaika, nitakuwa nimemkosea nani? Nikapunguza sauti karibu iishe, nikabonyeza. Naapa hata mimi mwenyewe sikusikia kitu.

Lakini Kevo aliniona. Kevo ni fundi wetu wa mitambo, alikuwa nyuma ya ukumbi, na alichoona ni vidole vyangu viko kazini na spika hazitoi chochote. Kwa Kevo hiyo ni dharura. Akafanya anachofanya kila Jumapili: akapandisha sauti mpaka mwisho.

Ikatoka kama honi ya lori. Ukumbi mzima ukaruka. Nikatoa mikono, nikakimbilia kuzima, na katika ule mshtuko nikabonyeza kitufe kilicho jirani na cha kuzima, kile cha mdundo wa salamu.

Hapa lazima nieleze. Kwetu, mdundo ule ukianza hakuna anayengoja kuambiwa: unaondoka kitini, unamkumbatia aliye karibu nawe, unampazia sauti, "Jirani, uko sawa?" Tumefanya hivyo miaka mingi, miguu inajiendea yenyewe. Mama Kamau alikuwa wa kwanza. Alimvamia mzee mmoja mwembamba wa suti, aliyekuwa bado anajitahidi kuomba.

"Jirani, uko sawa?"

Mzee akafumbua macho akiwa ndani ya mikono yake. "Kwani kumetokea nini?"

"Unasalimiwa, baba!"

Nusu ya ukumbi inakumbatia, nusu inakumbatiwa, mimi nabonyeza kila kitufe ninachokiona na mdundo unazidi kasi. Kevo akapiga kelele kutoka nyuma, "Shiko, zima hiyo kitu!"

"Izime wewe!" nikamjibu, na maiki iko mbele ya mdomo wangu, imewashwa (nadhani hata Kayole walisikia).

Mwishowe Kevo akang'oa waya ukutani. Kimya kikarudi, na mara hii hata mimi sikuthubutu kukigusa.

Mama Nafula akasimama. Nikasimama pia, machozi tayari yamefika kidevuni.

"Nisamehe, Mama. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kimya. Niliona watu watadhani nimekosea."

"Na sasa?"

"Sasa wanajua."

Aliyecheka kwanza ni yule mzee wa suti. Akasema, akirekebisha tai, "Mimi tangu nimzike mke wangu, hapa nasalimiwa kwa ncha za vidole tukitoka mlangoni. Huyu mama ameniumiza mbavu, lakini sina malalamiko." Kicheko kikashika ukumbi, upande wao na upande wetu. Mama Nafula peke yake hakucheka.

"Sawa, tumesalimiana," akasema. "Lakini kimya chetu hakijaisha. Tuketi."

Akaniketisha kando yake, akaweka mikono yangu yote miwili mapajani mwake, akaifunika kwa yake kama mtu anayezuia kuku. Mwanzoni nilitaka kufa. Halafu nikachungulia nikaona kila mtu amefumba macho. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Tangu nianze kupiga kinanda, hiyo ndiyo mara ya kwanza mimi kukaa kanisani bila kujipa maksi. Nikagundua kwamba nimekuwa nikisindikiza maombi ya wengine Jumapili baada ya Jumapili, na yangu yamekaa tu, yakingoja nimalize. Nikayasema. Yalikuwa mengi.

Kisha Mama Nafula akaanzisha wimbo, akauanzisha juu mno. Akina mama wakapanda nao wee mpaka sauti zikakatika, wakaacha. Sisi wageni tukatazama sakafu. Mama akakohoa.

"Msichana wangu."

"Naam, Mama."

"Hiyo kitu yako inaweza kutupa sauti ya kuanzia? Moja tu."

Kevo akarudisha waya ukutani kama anayemlisha nyoka. Nikabonyeza noti moja, nikatoa kidole. Wimbo ukainuka, wao na sisi, kwa mdomo mtupu, na Mama Kamau akipiga makofi kwa vidole viwili ili asiwaudhi wenyeji.

Ukumbi tulipewa. Mchana tunapiga ala zetu tunavyotaka, ila siku hizi nasi tunanyamaza kidogo baada ya somo, na Kevo hukalia mikono yake. Asubuhi naenda kuwapa wenyeji noti yao, kisha naketi kando ya Mama Nafula. Nimeapa sitajaza tena kimya ambacho hakuna aliyeniomba nikijaze.

Ile noti naifanyia mazoezi wiki nzima, maana lazima itoke safi. Juzi nilisahau vipokea sauti, na jirani akagonga ukuta kuuliza kama kinanda kimeharibika.